Alama za chuo zafungua mlango, hazimkalishi mtu kitini

KILA asubuhi, malori ya mizigo yanapopanga foleni kuelekea gati la Mbaraki, kisiwani Mombasa, vijana waliovalia mashati yaliyopigwa pasi hupita kandokando yake wakiwa wamekumbatia bahasha za kaki. Wanatoka ghala hili kuingia ofisi ile, wakiulizia kazi kwa mawakala wa forodha, kampuni za uchukuzi na wenye maghala.

Ndani ya bahasha hizo mna barua ya maombi, nakala za vyeti na, kwa wale waliofika chuo kikuu, karatasi moja inayotazamwa kabla ya nyingine zote. Ni ile inayotaja daraja la shahada.

Swali la uzito wa daraja hilo katika maisha ya mhitimu huzuka kila msimu wa mahafali. Wapo wazazi wanaoamini kwamba mwana aliyekosa daraja la kwanza au la pili la juu amekwisha kupoteza nusu ya riziki yake. Wapo pia wanaodai kwamba alama ni za kupamba ukuta, na kwamba matajiri wengi wa mji huu hawakuwa na hata moja.

Pande zote mbili zina mifano, na zote mbili zinaitumia vibaya. Alama ni chombo cha mwajiri asiyemjua mwombaji. Uzito wake basi hutegemea ni nani anayeuliza, anauliza wakati gani, na iwapo mwombaji ana njia nyingine ya kujulikana. Kwa asiyekuwa na njia nyingine, alama hizo huwa ndiyo sauti yake pekee.

Hapo ndipo penye kiini cha suala hili kwa wakazi wa Pwani, na ndipo mjadala wa kawaida unapopapita haraka.

Mfumo na milango yake

Katika vyuo vikuu vingi vya Kenya, mfumo uliorithiwa kutoka Uingereza ungali unatumika. Mwenye wastani wa alama 70 na zaidi hupata shahada ya daraja la kwanza. Kati ya 60 na 69 ni daraja la pili la juu, kati ya 50 na 59 ni daraja la pili la chini, na kuanzia 40 hadi 49 ni kupita tu.

Kwa maneno mengine, mwanafunzi aliyepata 59 na mwenzake aliyepata 60 hutofautiana kwa alama moja katika masomo ya miaka minne. Lakini mlangoni mwa mwajiri, mmoja huitwa wa juu na mwingine wa chini.

Kuna milango ambayo haifunguki pasipo daraja hilo. Mwongozo wa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu uliotolewa mwaka 2014 unadai daraja la pili la juu kwa anayetaka kuanza safari ya uhadhiri akiwa msaidizi wa masomo. Ufadhili wa Jumuiya ya Madola kwa shahada ya uzamili nchini Uingereza nao huanzia hapo hapo kwa kawaida. Mabenki na kampuni kubwa za ukaguzi wa hesabu zinazochukua wahitimu wapya mara nyingi hutaja kiwango hicho katika tangazo lenyewe.

Katika fani ya sheria, hata alama za sekondari humfuata mtu hadi baada ya shahada. Mzozo kuhusu iwapo mwenye shahada ya sheria aweza kuzuiwa kujiunga na Kenya School of Law kwa sababu ya gredi zake za KCSE umefikishwa mahakamani mara kadhaa tangu sheria ya chuo hicho ipitishwe mwaka 2012.

Hivyo basi, anayemwambia mwanafunzi kwamba alama hazina maana anamdanganya. Pengine hazitakuwa na maana baadaye. Mwanzoni zina maana kubwa.

Utafiti wa ng'ambo wasemaje?

Wachumi wamejaribu kulipima jambo hili katika vyuo vinavyosifika zaidi duniani. Mwaka 2017, watafiti Andy Feng na Georg Graetz walichapisha uchunguzi kuhusu wahitimu wa London School of Economics, chuo kile kile alichosomea Mzee Jomo Kenyatta katika miaka ya 1930. Waliwalinganisha wanafunzi waliopita kidogo tu mpaka wa daraja fulani na wale walioukosa kidogo tu.

Walibaini kwamba kupata daraja la pili la juu badala ya la pili la chini kuliongeza mshahara uliotarajiwa mwanzoni mwa kazi kwa takriban asilimia 7. Kupata daraja la kwanza badala ya la pili la juu kuliongeza takriban asilimia 3.

Tofauti hizo zipo, lakini hazilingani na hofu inayowakosesha wanafunzi usingizi. Ikumbukwe pia kwamba waliolinganishwa walikuwa karibu sawa kwa uwezo. Kilichowatenganisha ni jina la daraja, na mwajiri alililipia jina hilo.

Kuhusu jina la chuo chenyewe, wachumi Stacy Dale na Alan Krueger walitoa matokeo mwaka 2002 yaliyowashangaza Wamarekani wengi. Wanafunzi waliokubaliwa katika vyuo vyenye ushindani mkali lakini wakaamua kusoma kwingine walipata, kwa wastani, mapato yanayokaribiana na ya wenzao waliokwenda huko. Ilikuwa kana kwamba uwezo na bidii ya mwanafunzi ndivyo vilivyolipwa.

Hata hivyo, palikuwa na kundi lililotofautiana na wengine. Watoto wa familia maskini walifaidika kwa kusoma katika vyuo hivyo. Utafiti wao wa baadaye ulionyesha jambo kama hilo kwa wanafunzi weusi, wenye asili ya Amerika ya Kusini na wale ambao wazazi wao hawakusoma sana.

Mwaka 2023, Raj Chetty, David Deming na John Friedman waliongeza jingine. Walisema vyuo 12 vya kifahari zaidi vya Marekani havibadilishi sana wastani wa mapato ya anayevihudhuria, lakini huongeza kwa karibu nusu uwezekano wake wa kufikia asilimia moja ya juu kabisa ya wenye mapato, na mara tatu uwezekano wa kuajiriwa na kampuni zenye hadhi.

Mafunzo ya tafiti hizo yakiwekwa pamoja, picha inayojitokeza ni moja. Mtoto wa tajiri anaweza kufika popote kwa njia nyingi, kwa hiyo cheti humwongezea kidogo. Mtoto wa mnyonge hana njia nyingi, kwa hiyo cheti humwongezea sana.

Waajiri wakubwa wa Uingereza nao wamekuwa wakilegeza masharti. Kampuni ya Ernst & Young ilitangaza mwaka 2015 kwamba haitadai tena daraja la pili la juu kutoka kwa waombaji wake nchini humo. PwC ilifuata mwaka 2022. Mwaka 2013, Laszlo Bock, aliyekuwa akisimamia wafanyakazi katika Google, alieleza kwamba kampuni hiyo iligundua kuwa alama za chuo hazikuwa kipimo cha maana cha kutambua mfanyakazi bora, isipokuwa kidogo kwa wale waliotoka chuoni karibuni.

Isitoshe, alama zenyewe zimefura. Nchini Uingereza, wanaopata daraja la kwanza waliongezeka kutoka takriban asilimia 16 mwaka 2010-11 hadi zaidi ya thuluthi moja mwaka 2020-21. Katika Chuo Kikuu cha Harvard, ripoti ya Oktoba 2025 ilisema zaidi ya asilimia 60 ya alama zinazotolewa ni A, ilhali miongo miwili iliyotangulia zilikuwa karibu robo tu. Kinachogawiwa kila mtu hakiwezi tena kumtambulisha yeyote.

Bandari ina mizani yake

Lakini Mbaraki si London wala Boston. Ni mtaa wa maghala, gati na hori la bahari, ambako mnara wa kale wa matumbawe ungali umesimama kando ya msikiti wake, na ambako kazi nyingi hutegemea kinachoingia na kutoka kwa meli. Kazi hizo zina mizani yake mbalimbali, nazo zafaa kuchunguzwa.

Baharia hapandi cheo kwa daraja la shahada. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1978 kuhusu mafunzo ya mabaharia hudai vyeti vya umahiri na muda uliotumika baharini. Kenya iliingizwa katika orodha ya mataifa yanayotimiza masharti hayo mwaka 2010, na Bandari Maritime Academy ikaanzishwa mwaka 2018 ili kuwaandaa vijana. Mwenye alama nzuri darasani ambaye hajapata meli ya kufanyia mazoezi hubaki ufuoni na alama zake.

Mhandisi naye, chini ya sheria ya wahandisi ya mwaka 2011, husajiliwa kwanza kama mhitimu. Huhitaji miaka ya kazi chini ya usimamizi na kupimwa upya kabla ya kutambuliwa kuwa mtaalamu kamili. Mhasibu hufanya mitihani ya KASNEB hata akiwa na shahada. Wakala wa forodha huhitaji mafunzo na leseni, na jina lake hujengwa kwa mizigo aliyoitoa bila kuchelewa.

Mfano mzuri zaidi pengine ni wa chai. Mnada wa chai wa Afrika Mashariki ulihamishiwa Mombasa kutoka Nairobi mwaka 1969 na ni miongoni mwa minada mikubwa zaidi ya chai duniani. Waonjaji wa chai hunyweshwa vikombe mamia kwa siku na kutoa bei kwa ulimi. Shahada inaweza kumpatia kijana nafasi ya kujifunza kazi hiyo. Baada ya hapo, ulimi ndio unaomtetea, na hakuna chuo kinachoweza kumwazima mwingine.

Katika kazi zote hizo utaratibu ni ule ule. Alama humwingiza mtu chumbani. Kisha kazi huanza kutoa alama zake yenyewe, na zile za zamani hufifia mwaka hata mwaka.

Karani aliyekuwa na daraja la tatu

Hakuna maisha yanayolieleza jambo hili vyema zaidi, na yanayotumiwa vibaya zaidi, kuliko ya Profesa Ali Mazrui.

Alizaliwa Mombasa tarehe 24 Februari 1933. Babake, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya na mwanachuoni aliyeheshimika kote Pwani. Mzee huyo alifariki mwaka 1947, mwanawe akiwa na umri wa miaka 14.

Mwishoni mwa miaka ya 1940, kijana huyo aliufanya mtihani wa Cambridge wa kumaliza sekondari na kupata daraja la tatu. Matokeo hayo hayakutosha kumfikisha Makerere, ambacho wakati huo ndicho kilichokuwa kilele cha elimu Afrika Mashariki. Kwa mujibu wa chujio la enzi hiyo, safari yake ya masomo ilikuwa imekoma.

Akawa karani katika taasisi ya ufundi ya Waislamu, MIOME, mtaani Tudor, iliyoanzishwa kwa michango ya Sultani wa Zanzibar, Aga Khan, jamii ya Mabohora na serikali ya kikoloni. Huko alitoa hotuba katika hafla ya Maulidi, na miongoni mwa waliohudhuria alikuwa Gavana wa Kenya, Sir Philip Mitchell. Gavana alivutiwa na kijana huyo, na baada ya muda njia ya ufadhili ikapatikana.

Mwaka 1955 alisafiri hadi Huddersfield, Uingereza, kukamilisha elimu ya sekondari. Alipata shahada yake ya kwanza Manchester mwaka 1960, na alifaulu vizuri sana. Mwaka uliofuata akapata ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, na mwaka 1966 akapata ya uzamifu Oxford.

Kabla hata ya kumaliza Oxford, Makerere ilikuwa imemwajiri kuwa mhadhiri mwaka 1963. Kufikia mwaka 1965 alikuwa profesa. Chuo kilichokuwa hakina nafasi yake kama mwanafunzi kilikuwa kimempa idara nzima aiongoze.

Wapenzi wa hadithi fupi huishia hapo na kusema: mnaona, alama si kitu. Huo ni usomaji wa nusu ukurasa.

Kwanza, kilichomwokoa hakikuwa mfumo. Ilikuwa ni bahati ya kusikika na mtu mkubwa siku moja, na pia alikuwa mwana wa Kadhi Mkuu, mzawa wa ukoo uliowahi kuitawala Mombasa hadi mwaka 1837. Haiwezekani kujua ni vijana wangapi waliopata daraja la tatu miaka ile, wenye vipaji vyao, ambao hakuna gavana aliyewasikia. Hao hawakuandikiwa vitabu.

Pili, baada ya mlango kufunguliwa, Mazrui hakuzidharau alama. Ni matokeo ya Manchester yaliyomfikisha Columbia, na ya Columbia yaliyofanya Oxford imtazame. Nafasi ya pili aliyopewa aliitumia kujipatia alama mpya za kufuta zile za kale.

Tatu, baada ya hapo hakuna aliyeuliza tena. Alipotoa mihadhara ya Reith ya BBC mwaka 1979, au alipotayarisha filamu za The Africans mwaka 1986, daraja la tatu la Cambridge lilikuwa limebaki kuwa kisa cha kusimulia. Alifariki Oktoba 2014 huko Binghamton, Marekani, na kuzikwa Mombasa katika makaburi ya ukoo wake karibu na Fort Jesus, upande wa pili wa kisiwa kutoka Mbaraki.

Wengine waliotoka vyuo vikuu

Historia ya Kenya ina mifano ya kila upande. Tom Mboya alikaa mwaka mmoja tu katika Ruskin College, Oxford, kuanzia mwaka 1955, na hakuwa na shahada. Machi 1957 alichaguliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria, na mwaka 1959 akasaidia kuwapeleka Marekani wanafunzi 81 kwa ndege moja ili wapate shahada ambazo yeye hakuwa nazo. Akawa waziri hadi alipouawa Julai 1969.

Barack Obama, babake rais wa Marekani wa jina hilo, alikuwa kinyume chake. Aliimaliza shahada ya Hawaii kwa miaka mitatu na kupata ya uzamili ya uchumi kutoka Harvard mwaka 1965. Mwaka huo huo aliandika makala ya kuikosoa sera ya uchumi ya serikali. Kazi yake serikalini iliyumba, na alifariki katika ajali ya barabarani Nairobi mwaka 1982 bila ya kufikia vyeo ambavyo alama zake zilimwahidi.

Katika siasa, mtahini ni mpigakura, naye haombi nakala ya cheti. Mwaka 2017, Hassan Joho, aliyekuwa Gavana wa Mombasa wakati huo, alitamka hadharani kwamba alipata gredi ya D- katika KCSE. Alichaguliwa tena mwaka huo huo, na mwaka 2024 akateuliwa Waziri wa Madini.

Kauli yake iliwafurahisha vijana wengi waliokuwa na gredi kama hiyo. Lakini viti vya ugavana nchini Kenya ni 47 tu, ilhali wanaomaliza kidato cha nne kila mwaka ni mamia ya maelfu. Mwenye D- anayetafuta kazi ya karani Mbaraki hapigiwi kura, anachekechwa.

Chekecheo na walio chini yake

Namna chekecheo hilo linavyobadilika kwa amri ilionekana wazi mwaka 2016, serikali ilipokaza kamba dhidi ya udanganyifu katika mitihani. Mwaka 2015, watahiniwa zaidi ya 2,600 walikuwa wamepata A katika KCSE. Mwaka 2016 waliopata gredi hiyo walikuwa 141. Waliofikisha C+, kiwango cha kujiunga na chuo kikuu, walikuwa 88,929.

Mwaka 2024, waliofikisha C+ walikuwa 246,391. Idadi ya wanaostahili shahada imekaribia kuongezeka mara tatu katika miaka minane. Kazi hazikuongezeka kwa kasi hiyo, na mwajiri mwenye maombi elfu moja kwa nafasi tano hutafuta sababu yoyote ya kupunguza rundo. Daraja la shahada ndiyo sababu iliyo karibu naye.

Mombasa ililionja hilo kwa namna ya pekee. Agosti 2019, serikali ilipoagiza mizigo ya bara isafirishwe kwa reli mpya hadi Nairobi, wenye malori, mawakala na wenye maghala walilalamika kwamba riziki imehamishwa, na wakazi wakafanya maandamano. Septemba 2022, Rais William Ruto, siku ya kuapishwa kwake, aliagiza shughuli za kutoa mizigo zirejeshwe Mombasa. Katika kipindi hicho, mhitimu wa usimamizi wa uchukuzi angeweza kuwa na daraja lolote lile na bado akakosa pa kulipeleka.

Upungufu huo wa kazi umezaa maovu mawili. La kwanza ni vyeti vya uongo. Ripoti ya Tume ya Utumishi wa Umma iliyotolewa Februari 2024 ilitaja visa 2,067 vya vyeti ghushi katika taasisi za umma. Watu hawaghushi kitu kisichokuwa na thamani. Visa hivyo ni ushahidi kwamba cheti bado kinanunua nafasi, na pia kwamba kuna ofisi ambazo kwa miaka mingi hazikuona tofauti ya kazi kati ya mwenye cheti halali na asiyekuwa nacho.

La pili ni kujuana. Wenyeji wa Pwani wamelalamika kwa miaka mingi kwamba nafasi za bandarini hugawanywa kwa majina na jamaa. Malalamiko hayo yakiwa na ukweli wowote, basi kudharau alama si ukombozi wa mnyonge. Ni kumnyang'anya silaha ya pekee aliyo nayo.

Hili ndilo jambo ambalo wanaoiga uamuzi wa kampuni za London wanafaa kulitafakari. Huko, sharti la daraja likiondolewa, huwekwa mitihani ya kazi na mahojiano yanayosimamiwa kwa kanuni. Hapa, sharti likiondolewa pasipo kuwekwa kitu badala yake, nafasi haiachwi wazi. Huingia simu ya mkubwa.

Ngazi ya pili

Njia ya busara basi si kuzitukuza alama wala kuzitupa. Ni kuhakikisha kwamba zinasema kweli, na kwamba anayeshindwa mara ya kwanza ana pa kupitia tena.

Katika hilo, Mombasa ina ushahidi wake. MIOME, alikokuwa karani Mazrui, iligeuzwa kuwa taasisi ya ufundi mwaka 1966 na politekniki mwaka 1972. Ikawa chuo kikuu kishiriki mwaka 2007, na Januari 2013 ikapata hati ya kuwa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Chini ya paa moja hutolewa stashahada na shahada. Sheria ya mwaka 2014 kuhusu mfumo wa kitaifa wa sifa za elimu nayo ilikusudia kumwezesha mtu kupanda kutoka cheti hadi stashahada na kutoka stashahada hadi shahada.

Kijana wa leo aliyepata gredi ya chini hahitaji tena kungoja gavana ahudhurie Maulidi. Ngazi ipo, angalau katika karatasi. Kilichobaki ni waajiri kuiheshimu, kwa sababu haifai serikali kumwambia mtu apande kupitia stashahada kisha tangazo la kazi limuulize alipata nini kidato cha nne.

Waajiri wa bandarini na maghalani wana wajibu mwingine. Mafunzo ya kazini yenye posho ndogo, ya miezi mitatu au sita, yangewaonyesha mengi kuliko karatasi. Wengi huwapokea wanafunzi kwa mafunzo kama hayo pasipo kuwalipa chochote, na hivyo huwapata wale tu ambao wazazi wao wanaweza kuwalipia nauli na chakula cha mchana. Chekecheo la pili linakuwa kali kuliko la kwanza, ila halionekani.

Vyuo navyo viwaambie wanafunzi ukweli mapema. Anayelenga uhadhiri au ufadhili wa ng'ambo ajue kwamba alama moja chini ya 60 itamgharimu. Anayelenga bahari, forodha au chai ajue kwamba leseni, muda wa kazi na uaminifu vitamfikisha mbali zaidi, lakini bado atahitaji cha kumfikisha mlangoni.

Wahenga walisema elimu ni bahari. Walio Mbaraki wanajua kwamba bahari haivukwi na wenye vyombo vikubwa pekee, lakini pia haivukwi kwa kusimama gatini na kuwacheka wanaosafiri. Vijana wenye bahasha za kaki wanaorudi jioni wakiielekea feri ya Likoni wamefanya walilotakiwa kulifanya: wamesoma, wamefanya mtihani na wamepata alama. Linalobaki ni iwapo atakayeifungua bahasha hiyo kesho atasoma karatasi iliyomo, au atauliza kwanza kijana huyu ni wa nani.